Nani Amketishe Rubani

Kwa miezi mitatu Fundi Meno aliuficha mkono wake wa kulia kama mtu aliyeficha kuku wa wizi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na kazi hiyo haina huruma: jino hupangwa kwenye nta, likisogea unene wa karatasi tu mteja anang'ata ulimi. Sasa kidole gumba kilikuwa kimeanza kucheza bila ngoma. Akajiambia ni uchovu, akapunguza kahawa, akahamia glavu za kubana. Wapi. Baba yake alianza hivyo hivyo, akiwa na umri kama huo wake, na miaka sita baadaye alikuwa akilishwa kwa kijiko. Hofu hiyo hakumwambia mtu, hata mumewe.

Jumamosi moja asubuhi mdogo wake akapiga simu. Huyu ni kinyozi, na mdomo wake hufanya kazi kuliko mkasi wake.

"Dada, nimepekua sanduku la mzee. Kuna ndege moja ya plastiki hatukuiunganisha. Boksi halijafunguliwa. Njoo tuiunganishe kama zamani."

Alitaka kukataa. Lakini kukataa kungehitaji sababu, na yeye uongo wake wote alikuwa ameshautumia kazini. Akaenda, glavu akiwa ameivaa.

Kinyozi alikuwa ametandika gazeti mezani na kufungua madirisha yote, kama alivyofanya baba. Boksi lilipofunguliwa, harufu ya plastiki ikatoka, na Fundi Meno akajikuta ana miaka kumi na mmoja. Vipande vya kijivu vilikuwa vimeshikana kwenye fremu zake, kila kimoja na namba. Mama alikuwa akilalamika kila Jumamosi kwamba kikata kucha chake kimeibwa, na kila Jumamosi kilikuwa hapo mezani kikikata mabawa. Gundi ikigusa kile kioo cha juu ya rubani tu, kioo kinaingia ukungu, na ndugu hawa hawasemezani hadi Jumatatu. Zilikuwa siku tamu, usiambiwe.

Kisha mwaka mmoja baba akaacha kushika vipande. Alikaa tu, mkono wa kulia ameukalia, akisoma namba kwenye karatasi ya maelekezo. "Nyinyi sasa ni mafundi," aliwaambia. "Mimi nasimamia." Binti akatembea wiki nzima kidevu juu. Ilimchukua miaka kuelewa kwamba baba hakuwapandisha cheo. Alikuwa anaogopa. Leo, mbele ya boksi hili, akalikumbuka hilo, akaivuta glavu ibane zaidi.

"Anza wewe," alisema Kinyozi. "Namba moja, kiti. Namba mbili, rubani."

Rubani alikuwa mdogo kuliko punje ya harage, na lazima aketishwe kwanza, kabla nusu mbili za ndege hazijafungwa. Ukimsahau, basi tena, ndege itaruka yenyewe.

"Wewe ndiye ulikuwa bingwa wa marubani," alisema dada.

"Bingwa? Si ndiye mimi niliyembandika mmoja kichwa chini?"

"Ulikuwa na miaka minane. Sasa una saluni."

"Na wewe unapanga meno ya watu. Rubani atakushinda?"

Wakacheka, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Danadana ikaendelea. Mmoja akaomba maji, mwingine akasifu picha ya boksi. Karatasi ya maelekezo ikasomwa mara mbili. Nusu saa ikapita na rubani bado yuko kwenye fremu yake. Fundi Meno alishukuru kwamba mdogo wake hamsukumi sana. Halafu akajiuliza kwa nini hamsukumi.

Akamtazama vizuri. Kinyozi alishika karatasi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameukalia.

Akasogeza boksi kando.

"Toa mkono," alisema.

"Upi?"

"Huo uliouficha. Mimi dada yako."

Kinyozi alitafuta mzaha, akaukosa. Akautoa mkono, akauweka juu ya gazeti. Gazeti likaanza kutoa mchakacho.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili. Wembe nimeacha. Wateja nawaambia siku hizi ni mashine tu, wembe unaleta vipele." Akalinyoosha gazeti. "Nilikuita nikuangalie, dada. Wala sikutaka ndege. Nikasema, nikikuona unamketisha rubani vizuri, basi angalau ugonjwa wa mzee umechukua mmoja, umeacha mmoja. Ningelala usingizi."

Kwa nukta moja Fundi Meno alifurahi. Alifurahi kabisa, kwa kuwa hayuko peke yake. Kisha akajiona, akaogopa nafsi yake kuliko alivyouogopa ugonjwa. Angeweza kusema uongo. Angeweza kudai miwani ameisahau, akaondoka, mdogo wake akalala usiku huo. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio kingekuja siku nyingine.

Akavua glavu. Akauweka mkono wake kando ya ule wa mdogo wake, akauacha ufanye unavyotaka.

Kinyozi aliutazama. Uso wake ukasawijika, kwa sababu alikuwa ameweka tumaini lake lote kwenye mkono huo.

"Na wewe," alisema.

"Na mimi."

Nje mtu alikuwa anafua nguo, maji yanamwagika. Fundi Meno akapiga moyo konde. "Jumatatu tunakwenda hospitali. Wote wawili, saa mbili asubuhi."

"Sawa." Kinyozi alifunga boksi polepole kwa mkono wa kushoto. "Dada, nani ataanza kuingia kwa daktari?"

Utoto wao wote, kwenye sindano, kwenye giza, kwenye mbwa wa jirani, jibu la dada lilikuwa moja, "Mimi," na hakuwahi kulifikiria mara mbili. Sasa aliufungua mdomo, akaufunga, na mdogo wake akaendelea kumtazama akisubiri.