Mlango Alioufunga Hamasaki

Mwaka wa themanini na sita madaktari walikuja kwenye ukumbi wa chama chetu cha Wajapani, ndani kabisa ya jimbo la São Paulo, wakaomba kutupima sukari. Walikwisha kupima kwingine, wakaona kwamba sisi wa Brazili tunaugua kisukari zaidi kuliko ndugu zetu waliobaki Japani, hata tukiwa wembamba, na wengi wetu tunakufa mapema. Mwenyekiti wetu, mzee Hamasaki, aliwasikiliza akiwa mlangoni, akawajibu kwamba huo ni ugonjwa wa wavivu na walafi. Wajapani si wavivu.

Baba mdogo Tokuji, mume wa mama yangu mdogo Shizue, alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Alikuwa mfugaji wa kuku, mwembamba kama ufito, na miezi ile kiu ilikuwa haimwishi. Hamasaki akamgeukia mbele ya watu.

"Tokuji, una mabinti watatu wa kuozesha. Nani ataoa kwenye nyumba ya wagonjwa?"

Watu wakacheka. Baba mdogo akateremsha mkono wa shati na kufunga kifungo. Hamasaki akaufunga mlango.

Baada ya miaka mitatu baba mdogo alikanyaga waya bandani asihisi kitu. Mama mdogo aliposikia harufu, mguu ulikuwa umeshakuwa mweusi. Walimkata kifundoni, kisha gotini, kisha akafa, akiwa na miaka hamsini na minne. Kaka yake aliyebaki Kumamoto, Japani, mwenye miaka sabini na tatu, bado alikuwa akipanda mpunga mwenyewe.

Kwenye mazishi Hamasaki alikuja kufukiza udi na kusoma risala ya chama. Mama mdogo alisimama kati yake na jeneza.

"Udi wako rudi nao."

"Shizue, usinivunjie heshima mbele ya maiti."

"Heshima yako uliimaliza siku ile mlangoni. Toka."

Hamasaki alisema majonzi yamemharibu akili, akakunja karatasi yake na kuondoka. Nusu ya waombolezaji wakamfuata.

Tangu hapo mama mdogo alizunguka shamba kwa shamba akiuliza nani ana kiu isiyokwisha, nani kidonda chake hakiponi. Wengine walimfungulia mbwa. Walisema analipiza kisasi kwa jina la marehemu, naye hakukana. Lakini majina yalijaa daftari, na mwaka uliofuata madaktari wakarudi. Yeye ndiye aliyekaa mezani kuandikisha watu.

Siku ya pili Hamasaki akaingia, akapita moja kwa moja hadi mbele. Mama mdogo hakuinua uso.

"Foleni inaanzia kule nyuma, mwenyekiti."

Alisimama saa nzima na nusu. Sukari yake ilikuwa mia tatu na arobaini, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Akarudi mezani na karatasi ya majibu.

"Umefurahi sasa?"

"Sijafurahi," mama mdogo alisema. "Nilikuombea uwe mzima, nipate kukuchukia bila kukuhurumia."

Hamasaki aliishi miaka tisa mingine, akijidunga sindano kila asubuhi. Walipishana sokoni mara nyingi. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Alipokufa, mama mdogo hakwenda mazishini. Alinituma mimi, akaniagiza nisiiname sana mbele ya jeneza.