Kupe Nyuma ya Goti la Ugnė

...na bado anakunywa, hapo nyuma ya goti la mwanangu, mdogo kama mbegu ya tufaha, tumbo limeanza kuwa la kijivu, na mama mkwe wangu Bronė ameshafungua kabati anatafuta siagi, "Tumpake nene, akose pumzi, ataachia mwenyewe," nami nimesimama na kibano mkononi, nimekishika tu... Ugnė amelala kifudifudi kwenye benchi la jikoni, midomo bado myeusi kwa matunda ya msituni tuliyochuma jana asubuhi, kwa hiyo tangu jana, kupe amekula mezani petu, amelala kitandani na mwanangu, wala hakusikika akiuma, mate yake yanatia ganzi, nesi aliniambia siku ile ya baba yangu... baba aliyepata duara jekundu pajani alipoumwa na kupe, akasema ni nzi tu, tukamwamini, mpaka shavu likalegea, akawa anacheka upande mmoja, upande wa pili unatutazama tu... nesi akasema vijidudu hulala tumboni mwa kupe, aliyevipata kwa panya akiwa mchanga, vinangoja, hata mwaka, damu ya moto ikiingia vinaamka, vinabadili ngozi, vinapanda polepole kuelekea kwenye mate, safari ya siku nzima au zaidi... sasa viko wapi, tumboni au njiani, nikitazama sana naona kama vimetulia vinatusikiliza, "Daiva, binti, mbona umeganda? Shika mguu wa mtoto!" "Nimeshika, mama," sijashika, maana kupe akipakwa mafuta anaweza kutapika, nesi alisema, anatapikia ndani ya mtu, na huyu bibi anamtafutia siagi, "Rimas wangu nilimpaka hata mafuta ya taa, umemwona ameota pembe?" anacheka, na huyo Rimas, mume wangu, yuko uani anapasua kuni, angecheka naye... jana nilimwona kupe mmoja kwenye ncha ya jani, miguu ya mbele kainyoosha hewani kama mtoto anayetaka kubebwa, hana macho, ananusa pumzi zetu, nikapita kimya, na jioni nilitaka kumkagua Ugnė, Bronė akasema, "Nyie wa mjini mnakagua watoto kama viazi sokoni," nikaona haya, nikamfunika shuka, nikamfunika pamoja na kupe... "Mama, ananijua?" Ugnė anauliza. "Nani?" "Huyu anayekaa kwangu." "Tulia, mwanangu," na Bronė anakuja, siagi imeanza kuyeyuka kidoleni, ananuka bizari na moshi, si mtu mbaya, ndiye aliyeniosha nilipojifungua, nikimkataza atanuna, atakunywa supu yake ya kiazisukari chekundu bila kunitazama, wiki nzima, mwezi... mwezi, halafu? uso ulionuna hurudi, ule wa baba haukurudi, nami nilikuwa napima nyuso hizi mbili kana kwamba uzito wake ni mmoja, wakati kitu kinapanda, labda sasa hivi, kuelekea mdomoni... kibano kinashika karibu na ngozi, kinavuta wima, taratibu, bila kuminya tumbo, najua, nimejua muda wote nilipokuwa nasema ndiyo mama, kidole chenye siagi kimeshafika juu ya goti, "Mama, usimguse," namwambia Bronė. Rimas ameacha kupasua kuni, au ni masikio yangu. Kidole kimesimama hewani. "Nani kasema?" "Mimi."