Hita ya Masika

Mwezi Juni mwaka 2007 chuo kilitangaza shindano kati ya mabweni yake ya Braamfontein. Bweni ambalo lingepunguza matumizi ya umeme kuliko mengine kwa mwezi mmoja lingepewa televisheni kubwa ya ukumbini. Hita za vyumbani zilipigwa marufuku, na maji ya moto yakawa ya asubuhi na jioni tu. Wasichana wa bweni la mlimani walicheka, wakijua kwamba marufuku isiyo na msimamizi ni karatasi tu. Walisahau matroni wao alikuwa nani.

Alikuwa Mama Victorine, Mkongomani wa Bukavu, mjane mrefu aliyetembea bila kusikika. Kwao alikuwa amesimamia bweni la wasichana chini ya masista wa misheni, na huko alijifunza kuingia chumbani kabla mlango haujamaliza kubishwa. Funguo zote za jengo alizifunga kiunoni. Asubuhi ya kwanza tu alikamata hita nyingi kuliko alizokuwa nazo muuzaji wa pale chini barabarani.

Aliyembebea ni Fabiani, fundi umeme wa chuo, Mtanzania kutoka Morogoro. Huko alikuwa ameoa msichana wa wakimbizi wa Afrika Kusini, na nchi ya mkewe ilipopata uhuru akamfuata. Alisukuma hita hizo katika kitoroli cha supamaketi ambacho hakuna aliyejua kilifikaje chuoni.

"Mama Victorine, leo mavuno mema," alisema. "Tukikosa televisheni tutafungua duka."

"Sukuma, Fabiani. Mudomo hauna magurudumu."

Ghorofa ya tatu, upande wa kusini ambako jua la Juni halifiki, alikaa Masika, binti wa Butembo aliyekuwa mwaka wa tatu akisoma biolojia. Mama Victorine alimjua vizuri kuliko wasichana wengine wote. Mwanawe wa pekee, Parfait, fundi wa cherehani kule Jeppestown, alikuwa amemchumbia. Mwezi wa nane wazee walikuwa wapeleke posa kwa baba mdogo wa Masika, na mchungaji wa kanisa lao katikati ya mji alikwisha kuwatangaza.

Masika alikuwa na jambo moja alilolificha. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao Wakongomani huuita SS. Mtu mwenye ugonjwa huo akipigwa na baridi, chembe za damu yake hujikunja kama mundu na kuziba njia, na mifupa humuuma mpaka akatamani ikatwe. Kwa Masika joto lilikuwa nusu ya dawa. Kwao aliona jinsi mabinti wa aina yake walivyokimbiwa na wachumba, kwa hiyo Johannesburg nzima alimwambia mtu mmoja tu, Parfait mwenyewe.

Parfait alikuwa amemshika mikono na kusema, "Nimesikia, na bado ninakutaka. Lakini mama asijue mpaka tufunge ndoa. Aliwahi kumzika dada yangu Aimée kwa ugonjwa huohuo. Akijua, hakuna ndoa."

Basi Mama Victorine alipoingia chumbani humo na kuikuta hita chini ya meza, imefunikwa kwa kanga, Masika alisimama kama aliyekutwa na mali ya wizi.

"Mukamwana wangu, hii ni nini?"

"Ni hita, mama."

"Ninaona ni hita. Ninauliza inafanya nini hapa."

"Ninasikia baridi sana, mama. Nisamehe."

"Baridi tu?"

"Baridi tu."

Mama Victorine akamsogelea, akamshika kidevu kwa upole, akaugeuza uso wake dirishani. "Macho yako iko na manjano."

"Nimesoma sana usiku. Mitihani."

"Aya," alisema Mama Victorine. Akachomoa plagi, akauzungusha waya mkononi kwa utaratibu, akatoka nayo.

Jioni hiyo, katika chumba walichopanga Jeppestown, alimweleza mdogo wake Jeanne, aliyekuwa akimenya ndizi.

"Yule mutoto ni SS."

"Nani kakuambia?"

"Macho yake. Miguu yake myembamba. Kanisani anakalia mikono yake kama kuku anayelalia mayai. Aimée alikuwa vilevile."

"Basi muulize, dada."

"Atakataa. Hata mimi nilikataa. Watu waliniuliza habari za Aimée nikasema malaria."

"Mupeleke akapime damu."

"Parfait hataki. Eti nisimupime muchumba wake kama ng'ombe wa mnada. Na nikimupeleka, akaonekana muzima, wazee wake watasema tumewatukana." Mama Victorine alivua viatu, akavipanga sawasawa. "Baridi haitukani mutu, Jeanne. Baridi inauliza, na mwili unajibu. Na sheria ya kunyang'anya hita sikuiweka mimi. Ni ya chuo."

Jeanne aliacha kisu. "Dada, weye uko mubaya."

"Nilizika mumoja. Wajukuu siziki."

Siku zilizofuata baridi iliongezeka. Masika alilala na soksi tatu na chupa za maji ya moto, lakini mchana maji hayo yalikuwa yamefungwa. Parfait alimletea koti zito la sufu la marehemu baba yake, lililotoka Ubelgiji enzi za baba huyo kuwa na kazi. Masika alisomea ndani yake, akala ndani yake, akalala ndani yake. Magoti yalianza kumuuma kidogokidogo, kama mtu anayebisha hodi.

Jirani yake alikuwa Emmy, Mtanzania, msichana wa maneno mengi ambaye kwao alikuwa na binamu mwenye ugonjwa huo. Hakuambiwa kitu. Aliona.

"Masika, usinifanye mjinga. Chuo kimesema mgonjwa anaruhusiwa hita. Nenda kwa daktari, ulete cheti."

"Cheti ukikipeleka ofisini kinapokelewa na nani?"

Emmy alijua jibu. Cheti kilipokelewa na matroni.

"Basi mwanaume gani huyo," alisema baadaye, "anakupa koti, hakupi ulimi wake? Si amwambie mama yake?"

"Mwezi wa nane si mbali."

"Si mbali kwa mwenye magoti."

Emmy ndiye aliyekwenda kumsihi Fabiani karakanani. Kesho yake fundi alipanda ghorofa ya tatu na ngazi begani na blanketi lililofungwa kamba.

"Kaka Fabiani, hii ni nini?" Masika aliuliza.

"Mimi nimekuja kutazama balbu. Blanketi hili limepanda ngazi lenyewe." Akaliweka kitandani, akashusha sauti. "Iwashe alfajiri tu, mwanangu. Umeme hauna aibu, unasema kila kitu kwenye mita."

Masika aliiwasha alfajiri. Siku ya pili aliiwasha na usiku, kwa kuwa goti halikusikia habari ya alfajiri. Ilikuwa hita ya nyaya mbili nyekundu, na mbele yake alijisikia kama mtu aliyerudishiwa mwili wake.

Mita ya ghorofa ya tatu ikapanda.

Jumapili baada ya ibada Mama Victorine aliwakusanya wasichana wote wa ghorofa hiyo kwenye ukumbi mwembamba wa mbele ya vyumba. Hakupandisha sauti. Alisema kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba bweni lilikuwa la kwanza, na sasa ni la pili, kwa sababu ya mtu mmoja. Msichana wa Soweto aitwaye Lerato, aliyeisubiri televisheni kuliko mtu yeyote, akapiga mluzi. "Eish! Nani huyo? Atoke!"

"Fabiani," alisema Mama Victorine, safari hii kwa Kiswahili, "ingia kwa Masika. Chini ya kitanda."

Fabiani hakusogea. "Mama Victorine, na mimi nina binti."

"Binti yako anakula mshahara wako. Ingia, ama niandike ni nani aliye na ufunguo wa pili wa stoo ya hita."

Fabiani akaingia. Alipotoka, hita ilikuwa mikononi mwake, bado ina moto, na aliibeba mbali na kifua. Wasichana wakazomea. Mmoja aliimba kwamba Masika anaoka mikate. Mwingine akauliza kwa sauti kama kwao Kongo hakuna msimu wa baridi au hakuna adabu.

Mama Victorine aliinua mkono wakanyamaza.

"Kanuni ya chuo inamuhurumia mugonjwa," alisema, akirudia kwa lugha zote mbili ili kila mtu asikie. "Mugonjwa akisema, hita tunamurudishia sasa hivi, mbele yenu, na hakuna wa kumucheka. Masika. Uko mugonjwa?"

Masika alimtazama. Ndipo alipoelewa. Mwanamke huyu hakuwa akitafuta umeme. Alikuwa akimsubiri, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Neno moja lingemrudishia joto na kumwondolea Parfait.

"Hapana, mama."

"Sema kwa nguvu. Wenzako bamekasirika, wasikie."

"Si mgonjwa!"

"Emmy, umusikie rafiki yako. Na wewe unataka kusema kitu?"

Emmy alikuwa na machozi. Masika akamwangalia mara moja tu, na Emmy akatazama chini.

"Basi," Mama Victorine alisema, "huyu si mugonjwa. Ni mwizi wa umeme wa wenzake. Fabiani, peleka."

Usiku wa kuamkia Jumatano theluji ilianguka Johannesburg. Wengi wa wasichana wale hawakuwahi kuiona tangu kuzaliwa. Alfajiri walitoka mbio na nguo za kulalia, wakaikusanya katika mabeseni ya kufulia, wakarushiana na kupiga picha. Hata walinzi wa lango waliacha kibanda chao. Lerato alitengeneza mtu wa theluji, akamfunga kitambaa kiunoni na kumning'inizia funguo, na kila aliyemjua matroni alicheka mpaka akashika mbavu.

Masika alizisikia kelele hizo akiwa kitandani, ndani ya koti. Hakuweza kunyoosha mguu wala kuukunja. Maumivu yalianzia magotini, yakapanda mgongoni, yakakaa kifuani, na kila alipovuta pumzi ilikuwa kama kuvuta chupa iliyovunjika. Emmy alipomfungulia mlango kwa nguvu alimkuta ameuma kola ya koti ili asipige ukelele.

Aliyefika wa pili alikuwa Mama Victorine. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Wapi panauma?"

"Mifupa."

"Gani?"

"Yote."

Mama Victorine aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mnunuzi aliyepimiwa sawasawa. Kisha akafanya kila lililopasa. Aliita gari la wagonjwa, akamwagiza Emmy alete maji ya uvuguvugu, akazisugua nyayo za Masika kwa mikono yake miwili, kwa namna ambayo mtu hujifunza tu kwa kuuguza mtoto wake miaka mingi. Machozi yalimtoka akifanya hivyo. Lakini gari lilipoondoka, kabla hata halijafika kwenye roboti ya kwanza, zile taa za barabarani, alitoa simu mfukoni.

"Jeanne," alisema. "Mwili umejibu."

Hospitalini daktari kijana, ambaye ugonjwa huo alikuwa ameusoma vitabuni tu, alichelewa kumwamini. Aliona msichana anayelia na kuomba dawa kali ya maumivu, akadhani ni mtumiaji wa dawa za kulevya. Ilibidi Masika, meno yakigongana, amfundishe jina la ugonjwa wake herufi kwa herufi. Alilolikataa mbele ya Mama Victorine alilipigia kelele mbele ya wodi nzima.

Parfait alikuja Jumamosi. Alivaa sweta jembamba, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa upepo. Alikaa pembeni ya kitanda bila kuegemea.

"Pole."

"Asante."

"Mama anasema bweni lenu limeshinda. Televisheni inaletwa Jumatatu."

"Mpe hongera."

Alitazama miguu yake. Masika alimsubiri. Alikuwa amemsubiri siku tatu, na hata sasa alikuwa tayari kumsamehe kama angesema neno moja la mume.

"Mama amewapigia wazee," Parfait alisema mwishowe. "Posa haitakwenda."

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini, Masika? Ni mama yangu. Aliteseka sana na Aimée."

"Ulijua. Ulinishika mikono."

"Nilijua, ndiyo. Lakini yeye hakujua. Mama anasema pia... lile koti. Ni la baba. Anasema lisibaki nje ya ukoo."

Koti lilikuwa limetandazwa juu ya miguu ya Masika, juu ya blanketi la hospitali. Nesi alimkuta nalo, akaona linamfaa. Masika alilitazama, kisha akamtazama kijana aliyelileta.

"Aimée alikuwa dada yako wa baba mmoja, mama mmoja?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Ugonjwa huu hautoki kwa mzazi mmoja. Lazima baba atoe na mama atoe. Baba yako alikuwa nao nusu, na mama yako anao nusu. Huenda na wewe unao. Kapime damu kabla hujaoa huyo atakayekuchagulia."

Parfait aligeuka rangi. "Unataka nimwambie mama kwamba Aimée... kwamba ni yeye?"

"Ni wao wawili."

"Itamuua."

"Haitamuua," Masika alisema. "Itamuuma. Ni vitu viwili tofauti. Chukua koti."

Parfait alisubiri kidogo, labda ili Masika amwambie tena, labda ili amzuie. Masika alikuwa amegeukia ukutani. Basi akalivuta taratibu, na blanketi jembamba likabaki peke yake juu ya magoti.

Kule mlangoni alilivaa, kwa kuwa nje upepo ulikuwa mkali. Ndani ya koti mlikuwa na joto la Masika bado. Parfait alifunga vifungo vyote mpaka shingoni, joto hilo lisimtoke.