Amri Iliyofutwa

Gari lilikuwa limeshawashwa. Mdogo mtu amekaa mbele na mwalimu wa kompyuta, roboti yao ya magurudumu mapajani. Dada mtu alisimama mlangoni, kijicho kimemjaa. Yeye ndiye aliyemfundisha huyu kuandika programu. Leo mwanafunzi anakwenda mashindanoni, mkufunzi anabaki kuosha vyombo!

Asubuhi alikuwa ameifuta kimyakimya amri moja tu: ukifika ukutani, simama. Roboti ingejibamiza mbele za watu.

"Dada, niombee basi!" mdogo alipaza sauti. "Nikishinda nitawaambia ni wewe uliyenifundisha."

Gari likaondoka. Dada alilikimbilia pekupeku, povu la sabuni mikononi.

"Ngojeni! Ile amri ya ukutani nimeifuta!"

Gari likasimama. Mdogo akacheka. "Mbona nimeshairudisha! Nilidhani nimeisahau mwenyewe, nikaona ukijua utanisema mpaka kesho."

Mwalimu alimtazama dada, kisha akaliondoa gari tena.

Mdogo alishika nafasi ya nne. Mwalimu alihamia shule nyingine. Dada anafundisha watoto wanaoanza kompyuta, na mdogo wake hajamuuliza hata leo kwa nini aliifuta.