Bi Mdogo Mwenye Mabawa

Mume wangu alikuwa na wake wawili, na yule mdogo alikuwa na manyoya. Alikula nyama mbichi sebuleni, alichafua zulia la mahari yangu, na hakuna siku hata moja aliyoambiwa kwamba chumvi imezidi. Mimi nilimwita Bi Mdogo. Mzee wangu alimwita Tunuk. Jina la mzee mwenyewe msiniulize. Kwetu mke hatamki jina la mumewe, na miaka arubaini ya kulikwepa imenifanya nilisahau nusu.

Tunuk alikuwa tai. Mzee alimtoa kiotani akiwa kinda, kwenye majabali ya juu ya Ton, bonde letu la kando ya ziwa, akamfunza kuwinda mbweha. Lakini tai wa kuwindia hakai na mtu mpaka afe. Masika ya mwaka wa kumi unampandisha mlimani, unamchinjia kondoo ili asianze uhuru na njaa, unamfungua kamba za miguu, kisha unashuka bila kugeuka. Naye atafute dume lake, alee makinda yake. Mzee aliapa hivyo siku alipomchukua, na si mtu wa kuapa ovyo. Hata mimi hakuniapia kitu.

Mwaka wa tisa, majani yakipukutika, alikuja Taalai, mhandisi kutoka mjini, pamoja na binti mmoja mpiga picha aliyeitwa Nurzat. Walikuwa wanaunda ndege ndogo isiyo na rubani, yenye mabawa ya tai, ya kutafutia watu waliofukiwa na theluji.

"Mzee, kuruka inaruka," Taalai alisema, buti moja bado mguuni. "Shida ni kutua. Ikifika kwenye jabali inaanguka kama gunia la viazi."

"Mmeiwekea kidole gumba?"

"Kidole gumba? Ndege?"

Mzee akamkunjua Tunuk bawa, polepole, kama mtu anayefungua barua. Akamwonyesha manyoya machache mafupi kwenye ukingo wa mbele, pale bawa linapojikunja.

"Akitaka kutua anainua haya. Upepo unapenya katikati, bawa linaendelea kumbeba hata mwendo ukiisha. Mimi zamani nilikuwa fundi wa ndege ya kunyunyizia dawa mashamba, ile yenye mabawa ya ghorofa mbili. Ukingoni ilikuwa na vibao. Rubani akipunguza mwendo, vibao vinachomoka vyenyewe. Nikamwambia, ndugu yangu, hii mashine yako imemwibia tai. Akasema nipunguze kunywa."

Taalai hakucheka. Aliandika mpaka chai ikapoa.

"Mama," akaniambia, "huyu mzee ni profesa."

"Basi mchukue. Mimi nahitaji mtu wa kuniletea makaa."

Majira yote ya baridi walikuja na kuondoka. Walimfunga Tunuk mgongoni kidude chepesi cha kupima mwendo, wakampiga picha akitua kwenye mkono wa mzee, mara mia, mara mia mbili. Waliona jinsi mkia unavyojipinda, jinsi manyoya ya ncha yanavyotanuka kama vidole. Mzee alizungumza majira yale zaidi ya alivyozungumza tangu harusi yetu. Na ile ndege wakaiita Tunuk wa Pili.

"Hongera," nikamwambia mzee. "Wake watatu sasa. Wa tatu wa plastiki, huyo utammudu."

Mwezi wa tatu mzee akachagua kondoo. Siku ileile Taalai akapiga simu: kidole gumba cha mashine kinakwama, wanaomba miezi miwili tu.

"Hapana," mzee alisema. "Huu ndio wakati wake."

Nami nikasema: "Mpe mwenzio miezi miwili. Bi Mdogo kangoja miaka kumi, atashindwa hiyo?"

Nilisema kwa utani, kama kawaida yangu. Ukweli niliuficha chini ya utani, kama kawaida yangu pia. Niliogopa nyumba ikiwa haina Tunuk. Nilijua mzee angeketi dirishani na kunyamaza, na kimya chake mimi nakijua, nilishakaa nacho miaka mingi kabla ya yule ndege. Mzee akanitazama. Akamrudisha kondoo zizini.

Tulipanda mlimani mwezi wa tano. Taalai alikuwa na Tunuk wa Pili mikononi, kapakwa rangi ya kahawia, unyoya kwa unyoya.

"Mzee, tuwarushe pamoja. Bawa kwa bawa. Picha moja tu!"

"Hapana. Sasa damu yake imechemka, anatafuta anga lake. Akiona tai mwingine, atapigana."

"Lakini hii ni plastiki! Hata harufu haina."

"Tai hanusi, kijana. Anaona."

"Basi nitangoja avuke ule mgongo wa mlima. Naahidi."

Mzee akachinja kondoo. Akamvua Tunuk kofia ya macho, akakata kamba za miguu kwa kisu. Tunuk alikula kidogo tu, akasimama, akaupokea upepo. Kisha akaenda. Hakupiga mabawa mara kumi. Alipanda kama moshi, akavuka mgongo wa mlima, akapotea. Mzee akaanza kushuka. Hakugeuka. Mimi ndiye niliyegeuka.

Taalai alitimiza ahadi yake: alingoja avuke. Kisha akairusha.

Kusema haki, ilipendeza. Ilizunguka juu yetu kwa utulivu, na Nurzat alikuwa amepiga magoti na kamera yake. Ndipo nikaona nukta juu, juu sana. Ikakua. Nilimwita mzee, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwita kwa jina lake.

Tunuk alikunja mabawa na kushuka kama jiwe. Aliipiga mashine mgongoni, na pangaboi ya mkiani ikampiga bawa. Walianguka pamoja, wakijizungusha.

Taalai alikimbia mikono juu. "Umeona, Nurzat? Umepata picha? Amedhani ni tai! Amedhani ni tai kweli!"

Alifika, akaona, akashusha mikono. Baadaye alilia, simnyimi hilo. Lakini furaha ilimtoka kwanza, nami niliisikia.

Mfupa wa bawa la Tunuk ulivunjika palepale penye kidole gumba. Daktari wa mifugo wa mji wa Karakol aliuunga kwa chuma, akasema ataishi, ila kuruka asahau. Mashine nayo ilivunjika bawa. Walichapa jipya kwa mashine yao ya kuchapa plastiki, siku nne tu. Sasa inatua kwenye jabali kama malaika, na wanapoionyesha kwa wakubwa huanza na ile picha: tazameni, hata tai mwenyewe alidanganyika. Taalai alitutumia nakala ndani ya fremu. Nimeigeuzia ukutani.

Mzee hakunilaumu. Jioni tuliyomrudisha Tunuk alimweka kwenye kigingi chake cha zamani, akanawa mikono muda mrefu, akasema neno moja tu kuhusu jambo hilo, mpaka leo.

"Haya, bi mkubwa. Amebaki."

Kimya nilichokikimbia kilirudi, na kimeleta mwenzake. Mimi ndiye ninayemkatia nyama sasa. Mzee hawezi kumtazama akila. Asubuhi namtoa uani. Upepo ukivuma kutoka ziwani anatanua bawa lililobaki zima, na kile kidole gumba kinainuka chenyewe, sawasawa, kama anayejiandaa kutua. Bawa la pili linatetemeka, halifunguki.

"Kula, Bi Mdogo," namwambia. "Chumvi haijazidi."

Namtania hivyo kila siku. Naye huchukua nyama mkononi mwangu bila kunikwaruza, jambo ambalo zamani hakulifanya.