Pleti ya Nyuma

Karani wa ofisi ya leseni alisukuma karatasi ikarudi chini ya kioo, akagonga kucha juu ya mstari mmoja.

"Dada, huyu Papa Tina ni nani?"

"Ndiye aliyenunua gari," Huguette alijibu kwa sauti ndogo.

"Hilo ni jina la nyumbani. Mimi nataka lililo kwenye kitambulisho. Eish! Umemuuzia mtu gari na jina lake hulijui?"

Foleni nzima ikacheka. Huguette aliikunja taarifa yake ya mauzo, akatoka uso ukiwaka kwa aibu.

Kumjua, alimjua vizuri. Papa Tina alikuwa mzee wa kanisa lao, mwenye duka la simu mtaa wa Greyville, hapa Durban, na mwaka jana alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la baba yake. Lakini kwa Wakongomani mtu akishapata mtoto, jina lake la zamani huwekwa kando kama koti la baridi. Baba wa Tina ni Papa Tina, basi. Hata hati ya mauziano aliisaini hivyo, na Huguette, pamoja na chuo chote alichosoma, hakuona kasoro.

Ilibidi amfuate dukani. Aliposhuka kutoka Berea kwa miguu alijiambia kwamba huenda ni heri, maana kulikuwa na ombi lililomkaa kooni tangu siku alipokabidhi funguo. Gari lilisajiliwa Johannesburg, na namba yake iliishia na herufi GP. Papa Tina akilisajili upya hapa, lingepata namba ya Durban, na pleti za zamani zingeishia kwenye vyuma chakavu. Huguette alizitaka. Tatizo ni kwamba hakuwa mtu wa kuomba. Hata chumvi kwa jirani, mama yake ndiye aliyekwenda.

Baba alilinunua lile Corolla kuukuu walipokuwa bado Johannesburg, akaliandikisha kwa jina la Huguette kwa kuwa kibali chake mwenyewe cha kuishi nchini kilikuwa kikingoja kuongezwa muda. Mwaka 2008 waliteremka nalo Durban, cherehani ya mama ikiwa imefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma kama abiria. Kwenye ukungu wa mlima wa Van Reenen baba alishusha kioo, akaendesha kichwa kikiwa nje, akiimba pambio ili mama asiogope. Namba hakuibadilisha kamwe. Madereva wa taxi walipompigia honi kwenye robot, yaani taa za barabarani, wakidhani ni mgeni wa Johannesburg asiyejua njia, alicheka tu: "Baache, banatusalimia."

Kila asubuhi alimshusha Huguette kwenye geti la chuo, Westville. Naye Huguette, badala ya kuingia darasani, alisimama akiitazama ile GP ikipanda mlima mpaka miti iifiche.

"Ma fille, binti yangu!" Papa Tina aliita alipomwona mlangoni. Alikuwa ameifungua simu ya mteja, bisibisi mkononi. "Umekuja kuninyang'anya gari?"

"Hapana, Papa Tina. Nimekuja kuuliza... jina lako."

Bisibisi ikasimama. Kisha akacheka mpaka mteja akageuka kumtazama.

"Jina yangu? Miaka yote hii?"

"Lile la kwenye karatasi. Ofisini wamenikatalia."

"Ngoja nikumbuke." Akachomoa kibali chake mfukoni, akasoma kama anayesoma habari za mtu mwingine: "Mushagalusa Cyprian. Usimwambie Maman Tina, ataniuliza huyo ni nani."

Huguette aliandika huku akitabasamu. Papa Tina alimtazama akiandika, na kicheko kikamwisha polepole.

"Unajua, papa yako nilimubeba kwa hii bega. Kufika pale, nasoma jina kwa musalaba, nikafikiri tumekosea kaburi. Kwangu alikuwa Papa Huguette. Jina ingine sikujua iko."

Kalamu ilisimama. Kwenye mstari wa mwenye gari liliandikwa jina lake, Huguette. Kumbe gari na baba vilitembea mji huu vikiitwa kwa jina hilohilo moja, na leo alikuwa akiliondoa kwenye kile kilichobaki. Alihisi kwamba akitoka nje ya mlango ule bila kusema, hatasema tena.

"Papa Tina... zile pleti."

"Iko na shida?"

"Hapana. Ukipata za Durban, zile za zamani usizitupe. Ninaziomba. Hata moja tu."

Alijiandaa kuchekwa. Papa Tina hakucheka.

"Ya mbele ao ya nyuma?"

"Ya nyuma," alijibu papo hapo, na sauti haikumpotea.

Karani alipokea taarifa ile kesho yake, akaigonga muhuri bila kumtazama. Wiki zilipita. Jumapili moja baada ya ibada, Papa Tina alimpa kitu chembamba, kimefungwa kwa gazeti.

"Pole, nimechelewa. Papa yako alifunga hii kitu kwa waya, wee! Sijui aliogopa nani ataiiba."

Chini ya gazeti, waya wa baba ulikuwa uleule: Papa Tina aliukata upande wa gari tu, akauacha umepita kwenye matundu na kusokotwa nyuma ya pleti. Huguette hakuufungua.