Mutu wa Kumi na Mbili kwenye Glasi

Jumatatu asubuhi Mbelu alimaliza kupaka rangi glasi ya sita. Alichora watu kumi na mmoja wakifuatana mstari mmoja, akaiweka karibu na mbabula, jiko la makaa, rangi ikauke. Alipoichukua, watu walikuwa kumi na wawili. Wa mwisho alikuwa Badibanga, baba yake, kofia ya kazi imelalia sikio la kushoto.

"Tena!" Mbelu alisema. Akamfuta kwa kitambaa cha petroli. Baba yake akatokea upande wa pili.

Watu wa Kolwezi walinunua glasi hizo wakidhani ni timu ya mpira. Mbelu alichoka kueleza kwamba ni wayeyusha shaba wa zamani, wakirudi kutoka kwenye tanuri wakati wa kiangazi. Kambo, bibi yake, aliwachora hivyo kwenye vyungu: aliyerudi alimpa miguu, aliyefia shimoni alimnyima.

Badibanga hakuwa na miguu.

Mbelu aliipeleka glasi kwenye ofisi ya mgodi. Kampuni iliandika kwamba Badibanga aliacha kazi, na mke wa mtu aliyeacha kazi hana haki ya nyumba. Mama yake alipewa mpaka Ijumaa awe amehama.

Karani Ngoy, aliyeitwa Louis kabla majina ya Kizungu hayajakatazwa, alivaa miwani.

"Citoyenne, hii njo mara ya ine unafika hapa," alisema, akiinua vidole vinne.

"Njo ya ine, tata. Muangalie." Mbelu akamsogezea glasi.

"Bonjour, Tata Badibanga. Eh, kofia ile ile!"

Badibanga aligusa kofia.

"Basi uandike alikufia mu shimo," Mbelu alisema.

Ngoy alifungua faili. "Dosie inasema aliacha kazi. Mwenye kutaka kuigeuza, akuye ye mwenyewe, na miguu yake."

"Tata Ngoy! Miguu iko wapi?"

"Minaona hana. Hata kambo yangu alikuwa anachora vile."

Akaandika: *Hakufika mwenyewe*. Kisha akajaza glasi maji, akanywa, akasifu rangi.

Ijumaa Mbelu na mama yake walihama. Mbelu alipofunga glasi kwa magazeti, kila moja ilikuwa na watu kumi na mmoja tu. Hakupoteza muda kumtafuta wa kumi na mbili. Badibanga alikuwa kwenye kioo cha dirisha la chumba cha mbele, na petroli ilikuwa imekwisha.

Mpangaji mpya aliingia Jumamosi. Alimsalimia Badibanga kwa heshima, akapima dirisha, akatundika pazia.